Nyevu Mung'aro na Singo ya Harusi ya Bimdogo

Mchungaji, wazee wetu, jamaa, majirani wa Majengo, na wageni wetu mliotoka Kibokoni kuja kuzika nasi: tunawashukuru. Mimi ni Kadzo, kifungua mimba wa marehemu. Mkiona ninasoma mbio msihangaike. Nilirithi kwa Mama pua na wasiwasi, na leo pua haina kazi. Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo baadhi ya jamaa wamenisihi nilipite kimya kimya. Nimelala nalo tangu Jumatano. Nitalisoma, kwa sababu yule anayehusika nalo zaidi ameniomba hivyo jana, na mahali pake pakifika mtaelewa.

Marehemu Rodah Nyevu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, hapa hapa Jimba, Rabai, akiwa wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kenga. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba Nyevu alipokuwa na miaka mitano walimfunga macho kwa leso, wakampitishia mboga puani mojamoja: mchicha, mnavu, mchunga, kisamvu. Hakukosea hata moja. Kisha akauliza kama mnavu ule umeoshwa, maana watu huumwa na tumbo. Kwa hiyo wasiwasi nao aliuanza mapema.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1955 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1958. Siku moja mtu alichuma ndimu za mwalimu. Mwalimu, aliyekwisha kusikia sifa za pua ya Nyevu, akawapanga watoto mstari na kumwambia awanuse mikono. Alimtaja rafiki yake wa chanda na pete, kwa sababu harufu ya jani la ndimu ilikuwa vidoleni na hakujua kusema uongo. Rafiki akachapwa. Nyevu alilia kuliko aliyechapwa, na akakataa kula mpaka rafiki yule alipokubali kula naye. Alipomaliza darasa la nne karo ilikwenda kwa wajomba zangu, naye akashika jembe.

Mwaka 1964, akiwa na miaka kumi na minane, aliingia Mombasa na kupata kazi ya kupika na kufua nyumbani kwa Bi Mwanakuu, Kibokoni, katika Mji wa Kale. Bi Mwanakuu alikuwa, na wenyewe mnajua bado ni, bingwa wa udi, vikuba vya maua na singo, ule msugo wa maua, liwa na majani ambao biharusi hupakwa siku za mwisho kabla ya harusi. Asubuhi moja Mama alikuwa akipita na beseni la nguo, akasimama mbele ya sinia la mrehani.

"Bi, mrehani huu umechumwa jua limeshapanda," akasema.

"Weye wajuaje?"

"Wanuka usingizi."

Bi Mwanakuu alimwita aliyeuleta mrehani, akamuuliza, na kweli ulichumwa saa tano. Tangu siku hiyo beseni la nguo likapata mtu mwingine.

Kazi ya Mama ikawa majani. Wengine walijua maua na wengine walijua udi, yeye alikuwa mtu wa jani bichi. Alitufundisha hivi: asumini hukimbilia puani kwanza, udi hubaki kwenye nguo siku tatu, lakini bila jani kati yao harufu hiyo ni ya sandukuni. Jani ndilo humfanya mtu avute pumzi mara ya pili. Alichuma mrehani kabla ya umande kukauka, akaufinya kwa kiganja wala hakuutwanga kwa nguvu, kwa sababu jani likipondwa sana hugeuka kuwa mboga. Alikuwa na hofu ya kila harusi. Aliamka kunusa chungu mara tatu, na biharusi akitoka salama ndipo alipokula. Kwa miaka ishirini na minane hakuna harusi iliyomharibikia.

Tarehe 7 Disemba 1968, Jumamosi, aliolewa na Kenneth Mung'aro, karani wa bandarini, ambaye ni baba yetu na ameketi pale mbele. Baba alipokwenda kuposa alikuwa ametoka zamu kwenye meli ya samaki wakavu. Mama alitoka nje kumlaki, akarudi ndani, akamtumia ndoo ya maji na konzi ya majani ya mlimau, pamoja na salamu kwamba asikutane na Mzee Kenga kabla ya kuyatumia. Baba husema hiyo ndiyo barua ya mapenzi pekee aliyowahi kupokea. Walihamia Majengo, wakapata watoto wawili: mimi mwaka 1970, na ndugu yangu Kenga mwaka 1974. Walikuwa washirika wa kanisa letu la Majengo kwa miaka thelathini. Mama Mutanu, mwenyekiti wa akina mama, atawathibitishia kwamba Mama aliweza kumwambia akiwa safu tatu nyuma kwamba sukuma wiki aliyoacha nyumbani imekwisha kuanza kuoza, kwa sababu harufu imekuja na kitambaa chake.

Sasa nimefika nilipopaogopa.

Mwaka 1992 masika yalikuwa haba. Mitungi ilikuwa mitupu na mirehani ya Kibokoni ilikauka mpaka mizizi. Mwaka huo huo Bimdogo, mjukuu wa Bi Mwanakuu, alikuwa anaolewa na Zein, mwenye duka la kanga Biashara Street. Bimdogo alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa amembeba mgongoni tangu siku ya arobaini, na msichana huyo alimwita Ma Nyevu kabla hajajua kuita mtu mwingine yeyote. Singo yake Mama aliichukulia kama mtihani wa maisha. Maua yalipatikana, liwa ikapatikana, jani halikupatikana. Mama alizunguka siku mbili, Kuze hadi Makadara, akirudi na vitawi vilivyonyauka. Nyumbani hakulala. Baba alimwambia atie waridi zaidi, Mama akamwangalia kama mtu aliyemwambia apike wali bila maji.

Jumatano tarehe 30 Septemba 1992, asubuhi, singo ilikuwa tayari, na jani lilikuwa ndani. Wanawake walikusanyika ukumbini. Mama alitia marashi, akachukua konzi ya kwanza, akampaka Bimdogo mkononi. Singo ikatoa povu. Harufu ikapanda, mbichi na baridi. Mimi nilikuwa nimekwenda kusaidia kubeba masinia, nikaona jinsi wasichana walivyofurahi na jinsi wanawake wazima walivyonyamaza.

Shangazi mmoja wa biharusi aliinuka. "Harufu hini naijua. Nani alofiwa humu ndani?"

 Akasogea, akachovya kidole, akakinusa. "Huu ni mkunazi! Mwampaka mwana wa watu majani ya kuoshea maiti!"

Nieleze kwa ndugu zetu wa Rabai. Kwetu sisi mkunazi ni mti wa watoto, tunakula kunazi zake na kurushiana kokwa. Lakini kwa Waislamu, majani ya mkunazi hutwangwa na kutiwa katika maji ya kumwoshea maiti. Kila mwanamke mzima aliyekuwa ukumbini alikuwa amemwosha mama, dada au mwana kwa harufu ile. Mama alikuwa amekaa miaka ishirini na minane katika nyumba hiyo, lakini maiti akioshwa, asiye wa dini yao haingii. Kila msiba ulipotokea yeye alikuwa jikoni na sufuria za wali. Pua iliyojua kila jani la Mombasa haikuwahi kupewa nafasi ya kulijua hilo.

"Nani alochuma?" shangazi akauliza.

"Mimi, Bi," Mama akasema. "Nimechuma mimi."

Bimdogo aliogeshwa mara tatu. Walisoma dua. Harusi ilifanyika Ijumaa, lakini nusu ya akina mama walikuja nyuso zimekunjamana na kuondoka kabla ya chakula. Bi Mwanakuu hakumtukana Mama hata neno moja. Alimwambia tu, "Mama Kadzo, nenda kwako kwanza. Nitakuita." Nasema haya mbele yake kwa heshima: hakumwita. Na ukumbi mmoja wa Kibokoni ukikufungia mlango, zote zimefunga. Mama alirudi Majengo akawa anashona mapazia.

Kisha likaja lililo baya zaidi. Mwaka 1994 mimba ya Bimdogo ilitoka. Mwaka 1996 ikatoka ya pili. Watu hawakuhitaji kusema kwa sauti kwamba ni ile singo. Sokoni walimpisha Mama njia kama mtu anayebeba mafuta ya taa. Mimi, bintiye, nilianza kuhesabu miezi ya mwanamke ambaye si ndugu yangu, na kila nilipokutana na mtu wa Kibokoni niliusoma uso wake kabla hajafungua mdomo.

Mama alijikondesha. Kila Ijumaa baada ya kazi alinituma Biashara Street, dukani kwa Zein, nijifanye ninaangalia kanga nipate kusikia habari za Bimdogo. Zein ni mtu mwema lakini ni mfanyabiashara, na sikuweza kusimama pale kila wiki mikono mitupu. Nina doti ishirini na sita za kanga, nyingine majina yake sijayasoma mpaka leo. Nikirudi, Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza nimekula nini wala kazini kumekwendaje.

"Yule mwana mzima?"

"Mzima, Mama."

Basi anarudi kwenye cherehani. Nilimchukia Bimdogo, Mungu anisamehe. Nilimwona mtu aliyekaa na neno moja la msamaha mfukoni na asilitoe, huku mama yangu akinyauka. Mwezi wa Agosti 1997, Likoni ilipochafuka kwa mapigano na watu wakawa wanavuka kwa maelfu na magodoro vichwani, Mama alikaa Feri, pale kivukoni, siku nzima, ingawa presha ilikuwa imeshamwanza, akitazama kila mwanamke mwenye buibui aliyeshuka, kwa sababu Zein na mkewe walikuwa wakikaa ng'ambo, huko Likoni. Aliwaona saa kumi jioni. Alijificha nyuma ya meza ya mhogo wa kukaanga ili wasimwone. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akalala siku mbili.

Ugonjwa wa marehemu ulijulikana rasmi Februari 1998, madaktari waliposema moyo umetanuka. Alilazwa Aprili, akalazwa tena Julai, na mara ya tatu tarehe 24 Oktoba. Tunawashukuru wauguzi waliomtunza. Wakati huo tulikwisha sikia kwamba Bimdogo ana mimba tena, na hii imepita miezi saba. Mama alikuwa hapumui vizuri akilala chali, ikabidi aketi usiku kucha na mchana kutwa, na kila alipopata pumzi aliitumia kuuliza kama mwana mzima.

Jumamosi tarehe 31 Oktoba sikuvumilia. Nilivuka Feri nikaenda nyumbani kwa Zein kumwomba Bimdogo aje, au kama hawezi kuja, atume neno la radhi. Nilipokewa na mama mkwe wake kwa adabu zote, nikapewa maji na haluwa. Nilipotaja Mama yuko mahututi, alinishika goti.

"Mwanangu, Bimdogo yumo ndani, na sikatai. Lakini mja mzito hatumwambii habari za wagonjwa. Na huyu hasa. Wajua weye mwenyewe kwa nini. Mpe mamako pole nyingi."

Niliona kivuli nyuma ya pazia. Nilikunywa maji, nikaaga, nikaondoka.

Njiani nilifikiri nitasema nini. Kwenye kivuko niliamua. Niliingia wodini, nikaketi kitandani, nikamshika Mama mkono, nikasema, "Nimemwona Bimdogo. Amesema amekusamehe. Amekusamehe kabisa, kwa moyo mweupe."

Mama alinigeukia. "Amenisamehe?" akasema. "Mimi?" Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa na muuguzi akaja. Alipotulia akanipigapiga mkono na kusema, "Haya, mwanangu. Ahsante. Na yeye mzima?"

Nilijua amenigundua. Mtu aliyeweza kunusa mrehani wa saa tano angeshindwaje na uongo wa bintiye? Nilitamani ardhi ipasuke. Siku tisa zilizobaki sikuweza kumtazama usoni, nikimlisha uji nilitazama kijiko. Nikawa nawaza kwamba anakufa hana radhi ya Bimdogo, na juu yake nimempa zawadi ya uongo.

Mama yetu mpendwa aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Baba alikuwa amemshika mguu na Kenga alikuwa amekwenda kununua maji. Mimi nilikuwepo.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, kisha majina ya tuliobaki. Zilipigwa chapa Alhamisi. Ninayosoma sasa niliyaandika jana kwa mkono.

Jana Ijumaa, saa tatu asubuhi, Bimdogo alikuja Majengo. Alikuja na tumbo lake la miezi minane, Zein akimshika upande mmoja na Bi Mwanakuu upande wa pili, na nyuma yao mama mkwe akiomba Mungu njia nzima. Tulimpa kiti. Alikataa kuketi. Alisema mbele ya Baba, mbele ya Mama Mutanu na wanawake wote waliokuwa wakichambua mchele:

"Kadzo, yale majani, niloyachuma ni mimi."

 Akaendelea. Alisema asubuhi ile ya singo alimkuta Ma Nyevu jikoni akilia kwa kukosa jani. Yeye mwenyewe akapanda darini, ambapo mkunazi wa jirani ulikuwa umeegemea ukuta, akajaza majani kwenye upindo wa kanga yake, akashuka nayo, akasema, "Ma Nyevu, harufu hini ndiyo naitaka." Kwao msichana ambaye hajaolewa haingizwi kwenye kuosha maiti, kwa hiyo naye hakuijua. Wawili hao waliyafinya pamoja wakicheka. Na shangazi alipouliza nani alochuma, alikuwa anafungua mdomo ajibu, na Mama akajibu kabla yake.

Alimfuata Mama mlangoni siku ile, akitaka kusema. Haya ndiyo maneno ya Mama, nimemwomba Bimdogo ayarudie mara mbili ili nisikosee: "Nyamaza, mwanangu. Mimi mtu wa Rabai, watasema sikujua, yataisha. Weye biharusi. Watasema umejichumia mauti yako kwa mkono wako, na hilo halitaisha mpaka uzeeke. Waweza kunifanyia moja tu. Ishi."

Bimdogo alinyamaza. Kila mimba ilipotoka alijua ni adhabu ya kunyamaza, na kila alipojua hivyo alizidi kuogopa kusema. Nilipokwenda Likoni alikuwa nyuma ya pazia, amejifunga mdomo kwa ushungi. Sasa alikuwa anamwomba Baba radhi, kwa kuwa Mama mwenyewe ameshamkosa.

Niseme kweli. Nilikasirika. Nilikasirika sana, nikatoka uani nikapiga teke debe la maji. Miaka sita ya mapazia! Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mama, ambaye hakumwambia hata Baba. Baba aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akanifuata na kusema, "Kadzo, mamako alijua anachokifanya. Mwache mtoto aketi."

Ndipo nikaelewa kicheko cha wodini. Sikuwa nimegunduliwa uongo tu. Nilikuwa nimempelekea Mama msamaha wa kosa ambalo si lake, kutoka kwa mtu aliyemkinga. Miaka yote ile nilidhani ninakwenda Biashara Street kumsikilizia hakimu wake, na Mama alikuwa akiulizia mwanawe.

Baba amemjibu Bimdogo. Amesema hana la kumsamehe, na kwamba mtu aliyebebwa mgongoni na Nyevu haombi radhi nyumbani kwa Nyevu. Bi Mwanakuu naye amesema jambo lake kwa Baba, wawili tu, na hilo ni lao.

Marehemu ameacha mume, Kenneth Mung'aro, watoto, Kadzo na Kenga, wajukuu wawili, ndugu watano, na Bimdogo, ambaye jina lake halimo katika karatasi zenu, tafadhalini liandikeni kwa kalamu baada ya la Kenga.

Bimdogo ametaka kufika kaburini na kumwaga mchanga. Familia imekataa. Jua ni kali, njia ina mashimo, naye amebakiza wiki nne. Angelikuwa Mama angemrudisha nyumbani tangu asubuhi. Kwa hiyo mtu aliye karibu naye amsogezee kiti kivulini, na mwingine ampe maji ya kunywa, na sisi wengine tumsindikize Mama. Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo hapana la kumtia hofu, na amani ikae naye.